Diski Iliyoandikwa MAMA

Jumapili, 3 Machi

Jana Jumamosi, saa tisa alasiri, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa hapa sebuleni, zilifutwa faili mia mbili na kumi na nne za sauti ya mama yetu. Hakuingia mwizi wala hakukuwa na moto. Alizifuta mdogo wangu wa mwisho, Kitinda, kwa kidole chake mwenyewe, mimi nikiwa jikoni naandaa chai.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaongeza, na mimi ni mtu wa vipimo. Nashona makochi. Kitambaa ukikikata pungufu, ulie usilie, hakirefuki.

Mama aliugua mwaka mzima akiwa chumba cha nyuma hapa kwangu. Kila alipopata nguvu ya kuzungumza nilimwekea simu kando ya mto, inarekodi. Alisimulia alivyompata baba, alivyotulea, nani kati yetu alikuwa mwizi wa sukari. Simu ilipojaa nilihamishia zote kwenye diski moja ya zamani, nikafuta za kwenye simu, nikabandika utepe mweupe juu ya diski na kuandika MAMA kwa herufi kubwa. Akatuacha mwezi wa kumi na mbili.

Ndipo ndugu watatu tukakubaliana tuwe na seva ya nyumbani: kompyuta moja ya kukaa hapa, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, yenye diski mbili pacha, kila kinachoandikwa kwenye hii kiandikwe na kwenye ile, moja ikifa nyingine ibaki nacho. Mdogo wangu wa kati, nesi, anaishi mbali. Angefungua simu yake huko aliko na kumsikia mama. Kitinda ni fundi wa kompyuta. Ndiyo maana akaitwa.

Yaani tulikuwa tunamjengea mama nyumba, tukamwangushia ukuta.

Nilirudi na birika. Akaniambia kwa furaha kwamba mfumo umekaa vizuri, sasa nimletee zile sauti tuzihamishe. Nikatazama meza. Diski mbili mpya zilikuwa pale pale, bado ndani ya mifuko yake. Ya utepe mweupe haikuwepo. Ilikuwa ndani ya mashine.

Alifuata macho yangu, akaelewa.

"Iliniuliza kama nifute vyote," alisema. "Nikasema ndiyo."

Nikachomoa waya ukutani. Alinifuata mpaka mlangoni, akaanza, "Dada, ile ya mwisho, mama ali..." Nikamkata. Nikamwambia asimtaje mama kwa mdomo huo, na atoke. Akatoka bila mwavuli. Hiyo ndiyo ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu.


Jumatatu, 4 Machi

Mvua. Sikufungua karakana.


Jumatano, 6 Machi

Mama mdogo amekuja kukaa nami, na sanduku moja na maneno mengi. Asubuhi nilikuwa nafunga viatu, nikasikia kutoka jikoni, "We binti, chumvi mmeificha wapi?" Nikasimama na kiatu kimoja. Ni sauti ya mama, imepungua unene tu. Nilimwambia chumvi iko juu ya kabati.


Jumamosi, 9 Machi

Nesi amepiga simu. Nilimweleza yote kwa mpangilio, akalia, nikangoja amalize. Kisha akauliza kama nimeiwasha tena mashine. Nikasema sijaiwasha tangu niichomoe. Akasema basi nisiiguse, nitafute mtu wa kuokoa data. Inaonekana hasira yangu ndiyo iliyookoa kitakachookoka.

Akaanza kumzungumzia Kitinda. Nikamwambia maji yanachemka, nikakata simu.


Jumanne, 12 Machi

Fundi wa kuokoa data ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba, chumba chake kiko juu ya duka la dawa. Ana foleni mpaka mvua ziishe. Lakini alinikalisha akanieleza vizuri, na mimi mtu akinieleza vizuri namheshimu.

Kufuta siyo kuchoma, alisema. Ni kung'oa vibao vya majina milangoni. Watu bado wamo vyumbani, hawajulikani tu, mpaka waletwe wapangaji wapya. Mpangaji mpya akipewa chumba, aliyekuwemo amekwenda. Akaniuliza mfumo ule ulichukua gigabaiti ngapi. Saba. Sauti je, gigabaiti ngapi? Tisa. Diski nzima? Mia tano. Nikapiga hesabu kichwani, uso ukanichangamka. Akasema nisichangamke sana, wapangaji hao hawakai upande mmoja, hutawanyika.

Njia aliyonipa ni hii: nitengeneze seva hiyo hiyo, niinakili diski ya MAMA nzima kwenye diski pacha, chembe kwa chembe, kisha programu ya kutafuta ipite kwenye nakala. Juu ya ile ya asili nisiandike hata nukta. Nikamwuliza mtu anayepima na kukata anaweza? Akasema, "Ukiweza kusoma kabla ya kubonyeza, unaweza."

Hilo neno nililibeba mpaka nyumbani, na nilijua namwekea nani.


Jumamosi, 16 Machi

Nimeweka Linux mwenyewe. Nilitumia diski moja ndogo niliyoinunua mwezi uliopita, ilikuwa kwenye droo ya vifungo karakana.

Ilifika mahali mashine ikaniuliza na mimi: futa diski yote? Kidole kikasimama hewani. Nilisoma ukubwa wake mara tatu. Gigabaiti mia na ishirini. Nikamwita Mama mdogo aje anisomee. Akaja na mikono yenye unga, akainama.

"Mia na ishirini. Haya bonyeza, au unangoja ikuchumbie?"

Nikabonyeza. Nimekaa na swali lile siku nzima. Limeandikwa kwa herufi ndogo, halina kengele, halina rangi nyekundu. Lakini limeandikwa. Mimi nimelisoma.


Jumapili, 17 Machi

Umeme hakuna.


Jumatatu, 18 Machi

Hakuna.


Alhamisi, 21 Machi

Kunakili kulianza jana. Leo kumefika asilimia arobaini, radi ikapiga, giza. Naanza upya. Nimenunua betri ya akiba. Mama mdogo anaiita seva "mgonjwa". Asubuhi hanisalimii mimi, anauliza mgonjwa ameamkaje.


Jumapili, 24 Machi

Nakala imekamilika. Nimeilinganisha na ya asili, haina tofauti hata moja. Diski ya MAMA nimeifunga kwenye kitambaa cha velveti, nimeirudisha chumba cha nyuma.


Jumamosi, 30 Machi

Programu inatafuta. Inachokipata inakitoa bila jina, kwa namba tu. Mpaka sasa imetoa picha za makochi ya wateja na wimbo mmoja wa sherehe ya shule. Nilisikiliza wimbo wote, huenda mama angekohoa mwishoni.


Jumanne, 2 Aprili

Saa nne asubuhi, karakana imejaa watu, nikafungua faili kwenye simu bila matumaini. Ikasema:

"Unga kwanza. Mwagia unga, uache unywe mafuta. Ukianza na maji umeharibu."

Ni namna ya kuondoa doa la mafuta kwenye kitambaa. Nilikuwa naijua, mama alinifundisha nikiwa na sindano ya kwanza mkononi. Mteja akauliza kama nasikia anachosema. Nikamwambia mgongo wa kochi lake utakuwa tayari Ijumaa. Alikuwa amekuja kwa mito.


Jumamosi, 6 Aprili

Nesi leo hakukubali maji yachemke. Amesema nitamsikiliza au atapanda basi aje aniambie usoni.

Amesema hivi, kama Kitinda alivyomweleza. Kwenye karakana yao ya kompyuta, diski inayobeba mfumo huitwa diski mama. Zinazohifadhi vitu huitwa watoto. Kitinda alinipigia mwezi wa pili akaniambia ninunue ya mama moja, ndogo, na mbili kubwa za watoto. Kweli alisema hivyo, nakumbuka, nilidhani ni utani wa mafundi. Alipofika alikuta mezani diski tatu. Mbili mpya hazikuwa na maandishi. Moja ina utepe, imeandikwa MAMA. Akafikiri nimemwandalia. Akashangaa tu kwamba nimenunua iliyotumika.

Nikamwambia hata kama. Mtu mwenye akili zake, miezi mitatu baada ya kumzika mama yake, anasoma neno mama na hamfikirii?

Akasema kwa ile sauti yake ya wodini, "Dada, wewe ukiwa kazini ukisema mgongo, unafikiria mgongo wa nani? Unakata mikono kila siku. Unang'oa miguu. Kuna siku umewahi kuwaza mkono wa mtu?"

Nilimwambia mashine ilimuuliza. Akasema, "Ndiyo. Ilimuuliza kama afute diski mama."


Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda karakana ingawa ni Jumapili. Nilisimama mbele ya droo ya vifungo. Ndimo ilimolala siku ile diski ndogo, ile aliyoiagiza yeye.

Sisemi nimekosa. Nasema droo ilikuwa imefungwa.


Jumamosi, 13 Aprili

Paa la sebule linavuja. Seva nimeihamishia chumba cha nyuma, kwenye meza iliyokuwa na dawa za mama. Feni yake inapumua polepole, inasita, inaendelea. Mama mdogo alipita mlangoni, akarudi, akasimama.

"Inalala kama yeye," alisema, akaenda zake. Hakutania tena mpaka jioni.


Ijumaa, 19 Aprili

Programu imemaliza. Kati ya mia mbili na kumi na nne, nzima ni mia moja thelathini na moja. Vipande ni thelathini na saba. Arobaini na sita hazipo, wapangaji wameingia. Bahati rekoda yangu ilikuwa inahifadhi kwa mp3; faili ya namna hiyo ikikatwa, kilichobaki bado kinaimba.

Arobaini na sita. Sijui hata ni zipi. Huwezi kumlilia mtu usiyejua kama alikuwemo.


Jumamosi, 27 Aprili

Tunazipa majina upya. Mama mdogo anasikiliza, anasema hii ni habari ya nani, mimi naandika na kupanga kwenye folda: Utoto, Baba, Mapishi, Kazi, Masengenyo. Folda ya mwisho ndiyo kubwa.

Katika moja mama anasema mdogo wake alikuwa mvivu wa kuteka maji, anajifanya kichwa kinamuuma kila ndoo ikionekana. Mama mdogo akaitolea macho seva. "Mwongo huyu," akaiambia. "Nilikuwa naumwa kweli." Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniomba niirudie. Mara ya tatu hakucheka tena, alikuwa ameshika ncha ya kanga usoni.


Jumamosi, 4 Mei

Nimefika kwenye vipande. Kipande cha thelathini na moja kina sauti mbili.

Ya kwanza ni ya Kitinda. "Nimebonyeza, Mama. Sema."

Kisha pumzi. Ndefu. Kitanda kinalia, kama anajigeuza atazame upande wa simu. Halafu mama, kwa sauti ya mtu anayechagua neno, siyo ya mtu aliyechoka:

"Mwambie dada yako asi"

Basi. Imekatwa hapo. Siyo kwamba aliacha kusema. Unasikia kabisa neno linaendelea, herufi ya mwisho bado iko wazi, na mpangaji kaingia.

Nakumbuka siku yenyewe. Nilikuwa nimepeleka makochi mahali, kazi ambayo isingeweza kungoja, nikamwachia Kitinda simu akae naye. Niliporudi mama alikuwa amelala, na baada ya usingizi ule hakuzungumza tena. Kitinda alinirudishia simu, akasema kuna yako humo. Sikuisikiliza. Niliihamisha na nyingine, nikajiambia nitaisikiliza siku nikiwa na moyo. Nilidhani moyo ndio utakaokosekana, siyo faili.

Mwambie dada yako asi. Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake najaribu vitenzi kama mtu anayejaribu funguo. Asilie. Asichoke. Asiuze nyumba. Asigombane na wenzake. Asijilaumu. Asinisahau. Asikae peke yake. Asiende kazini leo. Hii ya mwisho nimeifuta, kisha nimeiandika tena. Kila moja inaingia tundu la kufuli, hakuna inayozunguka. Angekatwa neno moja mbele ningekuwa na kitu. Angekatwa neno moja nyuma nisingejua kwamba kuna jambo alinikataza. Nimeachiwa katazo tupu, bila chenyewe nilichokatazwa.

Na sasa nakumbuka mlangoni, siku ile ya mvua. "Dada, ile ya mwisho, mama ali..." Alikuwa anataka kunipa. Kidole kilikuwa kimeshafuta, lakini neno alikuwa nalo mdomoni, zima, na mimi nikalikata mahali pale pale. Ali. Asi.

Duniani nakala imebaki moja. Haiko kwenye diski yoyote. Iko kichwani mwa mtu niliyemfukuza.


Jumapili, 5 Mei

Nimempigia. Hapokei.


Alhamisi, 9 Mei

Nimemwandikia ujumbe: Mama alisema nini kwenye ile ya mwisho? Ameusoma. Hajajibu.

Nikamlalamikia Mama mdogo. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Ulimtoa kwenye mvua bila mwavuli. Sasa unataka arudi mkavu."


Jumapili, 12 Mei

Nesi amezungumza naye. Anakumbuka? Anasema anakumbuka. Kwa nini basi hasemi? Nesi alizungukazunguka kwenye maneno, kisha akanipa kama alivyopewa.

"Anasema zamani angekosea neno ungeisikiliza mwenyewe, ukamsahihisha. Sasa akikosea, kosa lake ndilo litakuwa mama. Anasema hawezi kumfuta mara ya pili."

Nikamwomba nesi amwambie Kitinda amnong'oneze yeye, kisha yeye aniambie mimi. Akasema alishajaribu. Kitinda alimjibu kwamba neno hilo si la nesi kupewa.

Siku zote nilikuwa namwita mtu asiyesoma kabla ya kubonyeza. Sasa ndiye anayesoma, anasoma mpaka kidole kimeganda. Kidole hicho nakijua. Ni changu cha tarehe kumi na sita Machi.


Jumatano, 15 Mei

Jioni Mama mdogo alikuja chumba cha nyuma, akanikuta nimeirudia tena. Ikafika kwenye "asi", ikakatika. Akakaa kitandani kando yangu, akanishika goti.

"Nikumalizie?" alisema. "Mimi ni mdogo wake. Najua alivyokuwa akiwaza."

Na aliisema kwa sauti ile ile. Angemalizia ningesikia mama anamaliza. Nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Angesema asilie, ningelia, ningelala, ingekuwa imekwisha.

Nikamwomba asiseme. Akanipapasa goti, akaondoka, akaacha mlango wazi.


Ijumaa, 17 Mei

Haikunyesha.


Jumamosi, 18 Mei

Haikunyesha leo pia. Paa limekauka. Seva iko tayari: diski ndogo inabeba mfumo, pacha wawili wanahifadhi, nakala ya tatu nitampelekea nesi. Niliandika maandishi kwenye tepe na kuzibandika. Ya kwanza nimeiandika MFUMO. Sitaki neno jingine juu yake.

Huu ndio ujumbe nitakaomtumia Kitinda nikifunga daftari. Nimeuandika hapa kwanza niupime.

Mdogo wangu, seva imekaa. Nimekuwekea njia yako ya kuingia, utakuta folda zote. Nimeelezwa diski mama ni nini, nimeelewa, na diski ndogo uliyoagiza ilikuwa kwenye droo yangu ya vifungo. Hilo tumelimaliza. Usiniletee pole, usiniletee maelezo ya mashine.

Kile kipande kiko kwenye folda peke yake, nimekiita Asi. Najua unaogopa kukosea. Sikuombi uwe rekoda. Rekoda nilikuwa nayo, na unaona ilivyonifaa. Nakuuliza wewe uliyekuwa umekaa kwenye kile kiti cha kando ya kitanda. Usinipe maana yake, usinilainishie, usiseme alitaka nijitunze. Nataka kitenzi. Kama ni kichungu, kilete kichungu. Kama kimekutoka, niambie kimenitoka, kwa mdomo wako, nami nitaandika kwenye folda kwamba hakijulikani na hutakaa uulizwe tena na mtu wa nyumba hii. Lakini usininyamazie. Nimetoka kuishi msimu mzima na sauti iliyokatwa, siwezi kuongeza ya pili.

Kesho Jumapili, saa kumi jioni, nesi atakuwa kwenye simu, Mama mdogo atakuwa kitandani, mimi mlangoni. Uje au upige. Saa kumi, siyo saa kumi na moja.

Mama alisema nisi nini?